Uzi wa Kijani Ndani ya Pindo

Nilikuwa napepeta mchele wa harusi, katika ua wa nyumba moja ya Bondeni, miaka ya tisini imefika katikati, pale jirani yangu aliponambia habari ile.

"Wewe nawe huna habari? Nyumba ya yule mchoraji wa kofia, kule Mji wa Kale, mwanawe ameifanya makumbusho. Ya babake peke yake! Vyumba viwili, kofia zimewekwa kwenye vioo, na watu wenda kutazama."

"Kofia za nani?" nikauliza.

"Zake. Za nani tena?"

Nilipepeta ungo hadi mchele nusu ukawa mapajani mwangu, na mwenye harusi akaniuliza kama nalisha kuku.

Kila aliyekulia kisiwani anaijua kofia ya viua, ile nyeupe ya bafta, tabaka mbili, imejaa vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa vikawa nyota na maua na majani. Mtu huiona kichwani mwa babake siku ya Ijumaa akadhani imeota huko. Haikuota. Kwanza yuko mchoraji, na yule bwana mkono wake ulikuwa mkono kweli, sitamnyima haki yake. Alikaa ghorofani kwake na kalamu ya risasi, akachora nyota ya ncha nane bila ya kipimo na isipotoke. Lakini mchoro hauvaliki. Akishamaliza, mamake alivitia vitambaa kikapuni, akavifunika kwa leso, akavaa buibui lake akapita nyumba hadi nyumba kutugawia. Tulikuwa wanawake saba. Kila kitundu tulikitoboa kwa sindano, kisha tukauzungusha uzi kwenye mdomo wake hadi ukakaza, ndipo twende kwa kitundu cha pili. Kofia moja ilikula mwezi mzima, na mwezi huo huo kuna kupika, kuna kuzaa, kuna kuuguza.

Yeye hakutuona tukishona, wala sisi hatukumwona akichora. Ndiyo iliyokuwa desturi. Kazi ilipita mlangoni, watu hawakupita.

Zikiisha, mama yule alizikusanya kofia zote akazifua pamoja katika karai moja uani kwetu, mimi nikimsaidia kufikicha na kukamua, akazitia kanji, akazivika kwenye faruma, vile vigogo vya mbao vilivyochongwa mfano wa kichwa, zikauke zikiwa zimesimama. Sasa kofia nyeupe zote, zimelowa zote, nani atajua ipi ya nani? Ndipo kila mmoja wetu akawa na alama yake. Kabla ya kulifunga pindo la chini tulificha humo kipande cha uzi wa rangi, urefu wa punje ya mchele, ncha yake ikichungulia kidogo kwa ndani. Mvaaji haioni. Mama yule alipindua pindo akatazama, akajua wa kumsifu na wa kumgombeza. Uzi wangu ulikuwa mwekundu. Wa dada yangu ulikuwa wa kijani.

Huyu dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka minne, alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Mjuavyo hapa petu, mkono wa kushoto una kazi zake na si za mbele ya watu. Chuoni, tulikosomea Kurani, mwalimu alimfunga mkono ule kwa kitambaa ili aandike kwa wa kulia, na harufi zake zikawa kama nyayo za kaa. Akipokea kitu kwa kushoto, mama alimchapa kidole. Ila sindano aliachiwa, kwa sababu sindano hushikwa ndani, na ndani hakuna mgeni. Basi uzi wake ulizunguka kitundu kinyume na wetu sote. Viua vyake vilikuwa vidogo kuliko vyetu, tena vimekaza, hata ukipitisha kidole ni kama umegusa mgongo wa tunda changa la ndulele. Aliolewa, hakujaaliwa mtoto, akaachwa, akarudi kwetu akashona mpaka macho yakamwishia. Alipokufa hapakuwa na wa kuitwa kwa jina lake. Hilo ndilo lililonikaa moyoni siku ile ya mchele. Kama kofia nazo ni "zake yeye" yule bwana, basi dada yangu amepita duniani bila hata alama ya mguu.

Binti yangu wa mwisho ni mwalimu, anafundisha bara. Alipokuja likizoni, akateremka Mwembe Tayari na masanduku yake, nilimpa usiku mmoja tu wa kupumzika.

"Kesho utanisindikiza makumbusho," nikamwambia.

Akacheka. "Mama, wewe na makumbusho! Siku niliyokwambia twende ngomeni ulisema mawe hata petu yako."

"Haya si mawe. Utanisomea maandishi."

Maana mimi nasoma harufi za chuoni, za Kiarabu. Hizi nyingine, zinazoanzia kushoto, hazikunifika.

Asubuhi tukenda, mimi na buibui langu jipya kama naenda posa. Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi na akatoka mwenyewe, mtu wa makamo, mvi za kwanza kwenye ndevu, kanzu imepigwa pasi. Nilimjua kwa paji la uso. Ni la nyanyake, yule mama wa kikapu.

"Sabalkheri, bi mkubwa. Karibuni, karibuni ndani."

"Alkheri, mwanangu. U hali gani? Wa nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo, wote salama. Ndoo uketi kwanza, ngazi zimekuchosha."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kuona."

Akatabasamu, akatutembeza. Na nitasema kweli, moyo wangu ulifurahi. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, madirisha yamefunguliwa upande wa upepo. Chumba cha kwanza kalamu za yule mchoraji, vipande vya karatasi alivyojaribia michoro, faruma zimepangwa kama watu kwenye safu. Chumba cha pili ndicho cha kofia. Ishirini na moja, kila moja ndani ya kioo chake, na katikati ya chumba, juu ya meza ndogo, moja peke yake.

Nilisimama mlangoni. Sikuwa nimeziona pamoja tangu zilipokuwa kwenye karai.

"Soma," nikamwambia binti yangu.

Akasoma kadi ya kwanza. "Nyota nane. Kazi ya mkono wa fundi." Ya pili. "Majani ya mkungu. Kazi ya mkono wa fundi." Ya tatu vile vile. Akenda akisoma na sauti yake ikipungua, kwa kuwa ananijua, alishauona uso wangu.

Mwenyewe hakuona kitu, maskini. Alikuwa na fahari yake. "Zilikuwa zimefubaa ndani ya sanduku," akasema. "Nimezifua kwa mikono yangu, moja moja. Hata ndani ya mapindo nimesafisha. Kulikuwa na vijiuzi vya rangi, takataka za cherehani sijui, nimeving'oa vyote kwa kibano. Sasa ni nyeupe pe."

Nikashika ukingo wa meza.

"Vyote?"

"Vyote, bi mkubwa. Hakubaki hata kimoja."

"Baba," nikamwambia, "hapo ulipong'oa takataka, umeng'oa wanawake saba."

Akanitazama kama mtu anayefikiria amwite daktari. Nikamweleza: kikapu, karai, rangi, kila kitu. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mbele, lakini adabu si kuamini.

"Bi mkubwa, sikukatalii," akasema taratibu. "Najua walikuwako washonaji. Lakini fundi ni baba. Na hata tukitaka kuwataja, leo nani atajua nani alishona ipi? Wengi wametangulia."

"Mimi nipo."

"Kwa macho haya ya uzee?"

"Kwani nimesema macho? Nipe kofia."

Binti yangu akanivuta buibui. "Mama, tafadhali..." Nikamwambia atoe kalamu yake ya ualimu aandike na aache kunivuta.

Mwenye nyumba akasita, kisha nadhani akaona heri anifurahishe mzee nende zangu. Akafungua vioo. Nikaketi kwenye kiti, nikafumba macho, akanipa moja moja mkononi. Wallahi sikuhitaji hata ncha ya uzi. Huyu wa kwanza alikuwa akivuta uzi kwa hasira, viua vyake vimejikunja mdomo. Ni yule aliyekuwa na mke mwenza, nikataja jina lake na la babake. Huyu alianza vizuri akachoka katikati. Nikamtaja, na mtoto aliyekuwa akimnyonyesha mwaka huo nikamtaja. Hizi tatu ni zangu, nyie, mtu hapotezi mkono wake. Binti yangu anaandika. Hata zikafika ishirini na moja.

"Ahsante, bi mkubwa," akasema mwenye nyumba. Lakini nilimsikia sauti yake imebadilika. "Sasa niwie radhi. Nataka kuzichanganya."

"Changanya. Zitie hata mchanga."

Akazichanganya chini ya leso yangu, akanipa tena. Nilizirudia zote. Binti yangu alikuwa akifuata kwenye karatasi yake kwa kidole, na nilipomaliza akasema kwa sauti ile ya darasani, "Ishirini na moja kwa ishirini na moja."

"Subhanallah," akasema mwenye nyumba, akakaa chini kwenye sakafu, na kanzu yake ile ya pasi.

Katika ishirini na moja, nne zilikuwa za dada yangu. Nilishazitaja, zilishaandikwa. Ningeweza kuondoka hapo na moyo wangu baridi. Lakini ile ya katikati, juu ya meza ndogo, sikupewa.

"Na ile?"

"Ile ni ya baba mwenyewe," akasema. "Aliivaa Ijumaa na sikukuu, miaka na miaka. Tulimvua siku aliyokufa. Ile sikuifua. Ina mafuta ya kichwa chake mpaka leo."

"Nami sitaifua. Nataka kuigusa."

Aliinuka, akaileta mwenyewe kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto mchanga. Ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa. Nikapitisha kidole juu, kwenye duara la kilele, na nikaujua mkono kabla sijafika nusu. Vidogo, vimekaza, mgongo wa ndulele.

Binti yangu akauliza, "Mama, vipi?"

"Hii ni ya khaloyo. Mama yako mkubwa."

Sasa niseme kitu kimoja. Yule mchoraji alipata kofia mamia zilizopita mkononi mwake, na alizijua zote. Angeweza kujiwekea yoyote. Akajichagulia moja, ya kwenda nayo mbele ya Mungu wake, nayo ni ya mkono uliofungwa kitambaa chuoni.

Mwanawe hakutaka kukubali hapo hapo, na simlaumu, ni kofia ya babake. Alichukua kioo cha kukuzia, kile alichowawekea wageni, akainama juu yake muda mrefu.

"Bi mkubwa, umesema dada yako uzi wake ulizunguka kinyume."

"Ndivyo."

"Huku juu, kweli, ni kinyume. Lakini huku pembeni..." akageuza kofia, "huku pembeni wazunguka kama za wengine. Ni mikono miwili hapa. Sasa nikuaminije?"

Ah, nilidhani hataona! Maana alikuwa amesema kweli, na mkono wa pili nilikuwa naujua kuliko niujuavyo uso wangu.

"Kofia ile ilikuja macho yake yashaanza kwenda," nikamwambia. "Alimaliza kilele kwa kupapasa. Alipofika pembeni hakuweza tena. Alilia, na hakuwa mtu wa kulia. Akanambia, usimwambie mama wa kikapu, ataacha kuniletea. Basi nikamshonea pembeni mimi. Alikaa ubavuni mwangu akihesabu vitundu kwa kidole, na kila nikilegeza uzi ananifinya. Ukikosea, mimi ndiye nitakayegombezwa, ananambia! Pindo nilifunga mimi. Na uzi niliotia ndani ni wa kijani."

"Hauonekani."

"Ncha imelika kwa miaka. Fungua pindo."

Hapo ndipo alipokataa. Aliiweka kofia kifuani. "Bi mkubwa, baba aliivaa hivi. Nikiifungua nikakosa, nitakuwa nimeharibu kofia ya marehemu kwa maneno ya mtu."

Nami hofu iliniingia, sitaficha. Je, kama siku ile nilisahau? Nilikuwa na mgonjwa ubavuni, na chungu motoni. Nikikosea hapa, majina yote ishirini na moja yatageuka porojo za kikongwe, na la dada yangu litatoka la kwanza.

"Nipe sindano," nikasema. "Hilo pindo nililifunga mimi, nitalifungua mimi na nitalifunga mimi. Babako hatajua."

Alinitazama. Kisha akenda chumba cha kwanza akarudi na sindano ya nyanyake, imechomekwa kwenye kipande cha flana. Binti yangu akanishikia kofia. Nikafungua shono la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna kitu. La nne. Nikapindua bafta kwa ukucha.

Kilikuwa kimelala humo, kama punje, kijani kibichi. Jua halikukifikia miaka yote ile na hakikupauka hata kidogo.

Mwenye nyumba akatoa leso ya mfukoni, akajifuta uso mzima, si macho tu. Binti yangu, mwalimu wa watu, akapiga kigelegele ndani ya makumbusho! Nikamwambia koma, hapa si harusini, lakini nilikuwa nacheka.

Nikakirudisha kijiuzi mahali pake, nikafunga mashono yangu manne. Safari hii nikaiacha ncha ichungulie.

"Sasa niandike majina mawili," akasema mwenye nyumba. Alikuwa ameshatoa kadi mpya. "La dada yako na lako. Haki ni haki."

Nilifikiri. Sitasema sikufikiri. Kofia ya katikati ya chumba, na watu wanakuja kutoka mbali. Na pembeni ile ni kazi safi, hata mfinyo wa dada yangu ulikubali.

"Mimi nina zangu tatu pale ukutani," nikamwambia. "Hii andika la kwake. Na umwandikie kwa harufi za chuoni pia, nami niweze kusoma."

Njiani binti yangu hakuninyamazia. "Mama, nusu nzima ya ile kofia ni yako! Mbona umekataa?"

"Uliona uzi mwekundu mle ndani?"

"Sikuona."

"Basi."

Tulirudi kabla hajasafiri. Kadi zote zilikuwa mpya: mchoro wa nani, kisha mshono wa nani, wote saba wapo, na baba zao. Majina hayo hapa sitayaweka. Ninayo yote kichwani mpaka leo, lakini yana mahali pake sasa, na anayeyataka na aende akayasome ukutani, apige hodi kwa adabu.

Mwenye nyumba alinileta hadi kwenye meza ndogo akaondoka akatuacha. Binti yangu akafungua kinywa anisomee, kama kawaida yake. Nikamzuia kwa mkono. Kadi ilikuwa na mistari miwili, na wa chini ulianzia kulia. Nikaweka kidole juu ya kioo, nikaenda harufi baada ya harufi kama nilivyofundishwa pamoja naye kwenye jamvi moja, nikamsoma dada yangu mimi mwenyewe, kwa sauti, jina lake na la baba yetu.

Halafu nikamsoma tena.